Alhamisi yangu: mahamri alfajiri, gerezani mchana

Mtaani kwetu Malindi wakiniona Alhamisi na mkoba wa sabuni husema, "Yule anakwenda kuhubiria wezi." Wengine wanaamini nalipwa na wafadhili. Nimeona niandike siku yenyewe ilivyo.

Saa tisa usiku

Unga niliokanda jana kwa tui la nazi na iliki umeumuka hadi umeinua sahani niliyoufunikia. Nasukuma, nakata, nawasha jiko. Saa kumi na moja mahamri ya kwanza yamefura karaini.

Saa kumi na mbili

Niko kibarazani Maweni na sufuria ya mbaazi ubavuni, nawauzia madereva wa tuktuk na akina mama wanaowahi vibarua. Saa mbili u nusu nimemaliza. Siku nyingine ningejinyoosha kidogo. Alhamisi silali.

Saa tatu

Naoga, najifunga leso safi. Mkobani natia vipande 30 vya sabuni ya mche, pakiti za sodo, Biblia, kitambulisho na barua ya kasisi wa gereza inayoniruhusu kuingia. Sabuni hutoka kwenye faida ya mahamri, sodo wanachanga akina mama wa kanisani kwetu. Wafadhili ndio hao.

Njiani naipita sanamu ya Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Waingereza walimkamata mwaka 1913 wakampeleka Kisii, akatoroka akarudi kwa Wagiriama wake. Nilipokuwa mfungwa mimi mwenyewe tulimtaja sana usiku. Kwa wanawake waliolala sakafuni kama sisi, kumkumbuka mama aliyefungwa na bado akaheshimiwa kulitupa nguvu ya kuamka.

Saa nne kasorobo, langoni

Gereza sitalitaja. Askari wa zamu leo ni mgeni kwangu. Anaisoma barua, anaigeuza nyuma, anaisoma tena.

"Mama, jina lako halimo kwenye orodha ya leo."

"Afande, mimi huja kila Alhamisi. Huu mwaka wa sita."

"Ya miaka sita mimi siyajui. Mkubwa ndiye anayejua."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Ametoka."

Nakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini. Pembeni yangu yuko mzee aliyetoka Bamba usiku kumwona mjukuu wake, ameshika viatu mkononi kwa sababu vimembana. Yupo pia msichana mwenye mtoto mgongoni, anayeuliza kila baada ya dakika tano kama leo watu wataingia. Saa nne inapita. Saa tano. Jua limehama, kivuli kimetuacha, tunahamisha benchi. Mara mbili naenda kumkumbusha afande, na mara mbili ananiambia ningoje. Simu ya kasisi haipatikani. Ndani najua wanawake wameshakaa uani wananisubiri, na saa sita ni chakula, na saa kumi wanafungiwa. Kila dakika ninayokaa hapa ni dakika yao inayokatwa. Watu wanadhani kazi hii ni kuhubiri. Sehemu kubwa yake ni benchi hili.

Saa sita na robo mkubwa anarudi, ananisalimu, anashangaa. "Mama, bado uko nje?" Ndipo upekuzi unaanza. Kila kipande cha sabuni kinakatwa kwa kisu katikati. Kila pakiti ya sodo inafunguliwa. Biblia inashikwa mgongo, inakung'utwa kurasa zikining'inia. Kwa hili simlaumu mtu. Nimeona kwa macho yangu vitu vilivyoingizwa ndani ya mkate.

Mlango unafunguliwa, filimbi inalia. Ni ya kuhesabu. Nina miaka minane tangu nitoke, na hadi leo nikiisikia magoti yangu hutaka kuchuchumaa na wengine, tano tano.

Ndani

Wanakula kwanza, mimi nasubiri. Tunaanza saa saba kasoro. Wapo wafungwa kwa mistari yao, wapo mahabusu wanaongoja kesi, wamekaa upande wao. Wenzetu Waislamu wana siku yao na ustadhi wao. Wapo wanaosogea kusikiliza, siwaulizi kitu, na sabuni ni ya wote. Kuna pia mtoto wa kiume anayemwita kila mwanamke mama. Sheria inamruhusu kukaa na mamake humu hadi atakapotimiza miaka minne, na mwezi wa nane anatimiza. Mamake hasemi lolote kuhusu mwezi wa nane, ila siku hizi hamwachii mkono.

Niwaambie nilivyofika mimi. Nilimkata mke mwenzangu kwa panga. Nilikuwa na miaka 29. Nilifungwa miaka mitatu, na kwa kusamehewa theluthi nilikaa miwili. Sikuingia na dini yoyote ya maana, niliingia na hasira. Selini tulikuwa na bibi mmoja tuliyemwita Hawe, kama Wagiriama tunavyoita bibi zetu. Hawe alikuwa na Biblia iliyoachwa na wageni lakini kusoma hakujua. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Akaniambia, "Mwanangu, nisomee sura moja kila usiku, nitakulipa kipande cha sabuni."

Ndani sabuni ni fedha. Nilikubali kwa ajili ya sabuni. Taa ya seli haikuzimwa usiku, kwa hiyo mwanga ulikuwapo, nami nilisoma mbiombio nilipwe nilale. Hawe ndiye aliyenichelewesha. Kila alipoguswa alisema, "Rudia hapo." Tulimaliza Marko, tukaingia Luka. Usiku mmoja tukafika sura ya 23, pale mhalifu aliyetundikwa karibu na Yesu anapokiri kwamba wao wanapata haki ya matendo yao, kisha anaomba akumbukwe. Mimi nilikuwa nimemwambia kila mtu, hakimu, mamangu, wenzangu wa seli, kwamba mke mwenzangu ndiye aliyeanza. Sasa mdomo wangu mwenyewe unasoma maneno ya mtu anayekaribia kufa na hamsingizii yeyote. Sauti ikakwama. "Rudia hapo," akasema Hawe. Nikarudia. "Rudia." Mara ya tatu nililia hadi seli ya pili wakagonga ukuta.

Asubuhi alinipa sabuni yangu. Sikuipokea, na sikupokea tena.

Ndivyo ilivyoanza. Aliyelala pembeni yetu akasogea asikie, kisha mwingine. Nilipokuwa natoka tulikuwa tisa. Hakuna aliyewahubiria. Mimi nilisoma, Hawe akasema rudia. Nilipotoka nilimwendea mke mwenzangu kuomba radhi. Salamu zangu huzipokea. Mkono wake wa kushoto haufungi ngumi mpaka leo.

Basi leo nimefungua kitabu, na kabla sijasoma, binti mmoja wa upande wa mahabusu akasimama. Mgeni, wiki yake ya kwanza.

"Nyinyi ndio mliowapeleka watu Shakahola wakafa njaa."

Ua wote ukanyamaza. Afande aliyekuwa mlangoni akageuka.

Anayetoka mbali pengine amesahau. Sisi hatujasahau. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na miili iliyotolewa ilizidi 400. Ililetwa hapa Malindi. Tuliwaona jamaa zao mjini wakisubiri majibu ya vinasaba, mtu amekaa ukingoni mwa barabara na picha ya dadake. Tangu hapo ukibeba Biblia katika mji huu unatazamwa mara mbili, na anayekutazama ana haki. Waliokufa kule waliambiwa na mhubiri wao kwamba ni Mungu anayetaka wafunge.

Niliweka kitabu chini. Nikamwambia, "Mwanangu, hujakosea kuuliza. Mimi simwambii mtu afunge. Uji ukija kunywa, ugali ukija kula. Sadaka sichukui. Wala usiniamini mimi. Shika kitabu, soma mwenyewe, nikisema lisilomo nikatize mbele ya wote."

"Kusoma sijui vizuri."

"Soma vibaya. Tutakungoja."

Nikamfungulia Filemoni, waraka wa aya 25 tu, ambao Paulo aliuandika akiwa kifungoni, akimwombea Onesimo, mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Binti akaanza kusoma silabi kwa silabi, kidole kikitembea. Nilikuwa nimetayarisha mengine kabisa kwa leo. Niliyaacha. Aya ya kwanza ilichukua dakika nne. Wanawake hawakumcheka, na hilo ndilo ninalojivunia kuliko jambo lolote nililowahi kusema uani pale. Alipokwama walimpa neno. Alipofika aya ya saba, panapotajwa mioyo ya watakatifu kuburudishwa, mama mmoja wa kifungo kirefu akasema kutoka nyuma, "Rudia hapo."

Mimi sikumfundisha neno hilo. Aliliokota kwa waliomtangulia.

Kisha tukaambiwa muda umekwisha. Nusu ya sabuni nimegawa nikitembea.

Mchana, sikuangalia saa

Kutoka hapo miguu ni mizito. Kuna mfungwa mmoja aliyeniomba, kwa idhini ya kasisi, nimfikishie mamake salamu Muyeye. Nimekwenda. Mama yule alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa. "Mwambie mimi sina mtoto huko." Nikakaa, nikavuta fungu la mchicha nikachambua naye. Hatukuongea. Sikumsomea chochote. Nilipoinuka msichana mdogo wa mle ndani akanisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bado anasuka nywele kama zamani?" Nikamwambia bado, tena anawasuka wenzake. Akarudi mbio.

Nyumbani nimefika jua linazama. Sijala tangu alfajiri, si kwa kufunga, ni kwa kukosa nafasi. Nimekula muhogo wa jana, nimekuna nazi, nimekanda unga wa kesho. Mgongo unauma mahali palepale.

Usiku

Nafuta mikono, simu inaita. Hawe yuko Ganze kwa mwanawe, alitoka mwaka mmoja baada yangu. Macho yamefifia sana. Kila Alhamisi hunipigia, na salamu zake ni fupi.

"Walisoma wapi leo?"

"Filemoni, Hawe. Tumeishia aya ya saba."

"Alisoma nani?"

"Binti mgeni. Wa rimandi."

Akanyamaza, namsikia akivuta kiti. "Haya. Mimi nisomee kuanzia ya nane."

Nikaegemeza Biblia kwenye mfuko wa unga, nikasogeza taa. Nilipofika pale Paulo anaposema mtoto wake Onesimo amemzaa katika vifungo vyake, nilijua atasema nini.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia.