Nyuma ya kabati

Jumamosi tulisogeza kabati la sebuleni kutafuta hereni. Binti yangu akauliza, "Mama, nani alipaka rangi tatu hapa?" Vipande vitatu ukutani, kila kimoja na upana wa sahani. Nikaketi sakafuni.

Ilikuwa Julai 2011. Mama alikuwa amehamia kwangu kwa ajili ya mtoto wa jicho, macho yote mawili, nami nilitaka nyumba ing'ae kabla hajaizoea. Fundi alinikataza kuchagulia rangi dukani. "Madam, paka kidogo ukutani. Rangi ya maji ikikauka hukolea. Itazame asubuhi, uitazame tena usiku taa ikiwaka." Tukapaka nyeupe iliyopooza, kijivu chepesi na krimu. Ile baridi ya Julai mnaijua, mawingu tangu alfajiri. Mpaka saa sita zote zilikuwa rangi moja ya uji. Dirisha letu linatazama kaskazini, na mwezi huo jua hupitia upande huo, kwa hiyo saa tisa mawingu yalipopasuka kila kipande kilijitenga na mwenzake.

Nikamwita Mama, nikamshika mkono. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Akapitisha kiganja taratibu, kipande hadi kipande, kama anayepapasa shuka dukani. Cha mwisho hakijakauka, kikamwachia alama kwenye kidole gumba.

"Zote ni chai ya maziwa, mwanangu," akasema. "Nitafutie iliyofanana na kuta zetu za kule nyumbani, zile alizopaka baba yako."

Zile zilikuwa krimu. Nilijua. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye kijivu, na fundi alikuwa amesimama na rola mkononi. Nikauchukua mkono wa Mama, nikauweka kwenye kipande cha katikati.

"Ni hii, Mama."

"Basi hiyo," akasema, akatabasamu.

Fundi alirudisha kabati mahali pake, akapaka kulizunguka, kwa kubana rangi.

Septemba Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Daktari alitueleza kwamba lenzi yenye mtoto wa jicho hugeuka manjano, ndiyo maana vyeupe vyote alikuwa anaviona kama chai. Siku aliyotolewa bandeji alisimama mlangoni pa sebule kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kijivu."

"Ni hali ya hewa, Mama. Jua likitoka hubadilika."

Hakuniuliza tena. Aliishi nasi miaka mitano, akikaa kiti cha karibu na lile kabati, na krimu yake iko hapo nyuma, hatua moja kutoka begani pake. Kulisogeza kunahitaji watu wawili na dakika mbili.

"Shosho alipenda ipi?" binti yangu akauliza.

Nikamwonyesha. Akaweka kiganja chake juu ya ile krimu, na pembeni, karibu na ukingo, kulikuwa na alama ndogo ya kidole gumba.