Utaitoaje?

Vibandiko vinne vya ngozi, vyenye visindano vya kupitisha dawa ya manjano, nilivitoa chuoni ndani ya chupa iliyozibwa vizuri, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Kwenye boti ya kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, binamu yangu akataka kuviona. Nikafungua. Sindano zake ni za asidi ya hayaluroniki, na hiyo hunywa unyevu kama chumvi wakati wa masika. Tulipofika Wete, viwili vilikuwa vimelegea, ncha zimelala. Niliumia sana.

Viwili vilivyosalia nikavipeleka uwani kwa Bibi. Ilikuwa kesho Idi, naye ananyonyoa kuku. Manjano nimeyajua mikononi mwake: anayatwanga, anayachanganya na mafuta ya nazi, anampaka mwenye upele.

“Mengi yanabaki juu, Bibi. Ndiyo maana shuka zinageuka rangi.”

Nikamweleza. Kurkumini, ile iliyoyapa manjano rangi yake, haiyeyuki vizuri kwenye maji, na tabaka la juu la ngozi, unene wa milimita 0.01 hadi 0.02 tu, ni ukuta. Kwa hiyo nimeichanganya na uji wa ile asidi ya sindano, nikaumimina kwenye kalibu ya silikoni yenye vishimo 100, kila kimoja chenye kina cha milimita 0.6, mashine ikauzungusha mpaka ukashuka nchani, ukakauka siku mbili. Sindano fupi hivyo haziumizi sana, na huyeyukia humo humo ngozini.

Nikabandika kimoja pajani mwa kuku, nikakandamiza kwa kidole gumba. Bibi akachambua mchele. Nilipobandua baadaye, sindano hazipo; ngozini safu kumi za vitone vya manjano, zimenyooka kama mshono wa kofia. Bibi akavifuta kwa ncha ya kanga. Akasugua kwa maji na sabuni. Vipo.

Nikangoja anisifu.

“Mwanangu, mie nikimpaka mtu akawashwa, namwosha. Hii ikishaingia, utaitoaje?”

Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nilikuwa napima kiasi gani kinaingia, basi. Bibi akachukua kisu, akakata ule mraba wa ngozi, akauweka pembeni.

“Kwa kuku ndivyo hivi. Na kwa mtu?”

Baada ya Idi nilimwambia msimamizi wangu kwamba nataka kurudi nyuma: kupunguza kurkumini, na kupima kwanza seli za ngozi zinastahimili kiasi gani. Alikubali. Kazi ilichelewa miezi mitano.