Kabla hujalipa bili ya kugomboa kifurushi

Mzigo ukikwama forodhani, watu wengi hukimbilia kupiga simu huduma kwa wateja ya kampuni ya vifurushi na kubishana kuhusu bei. Anayepokea simu hana mamlaka ya kupunguza hata senti. Kiasi unachodaiwa kilishaamuliwa na mambo matatu yaliyojazwa siku kifurushi kilipofungwa: bidhaa imeelezwaje, imetajwa thamani gani, na nani amekubali kubeba kodi. Bili ikiwa na kosa, tafuta hapo kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba vitu viwili kwa maandishi: nakala ya tamko la forodha lililowasilishwa kwa niaba yako, na mchanganuo wa bili mstari kwa mstari. Barua pepe fupi inatosha. Taja namba ya hati ya mzigo, kisha uliza msimbo wa HS (namba ya aina ya bidhaa) uliotumika, thamani iliyotangazwa, nauli iliyojumlishwa, kiwango cha ushuru, na kila ada ya kampuni. Jina lako ndilo lililoandikwa kwenye tamko kama mwingizaji, hivyo usione haya kulidai.

Bili inavyojengeka

Nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya kimataifa. Marekani, Kanada na Australia haziingizi nauli hiyo kwenye msingi wa ushuru. Penye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hiyo hukokotolewa juu ya jumla ya CIF na ushuru wenyewe. Ndiyo, kodi inatozwa juu ya kodi, na hapo hakuna aliyekosea hesabu.

Chukua bidhaa ya 100, nauli 20, bima 2, kwa fedha yoyote. CIF ni 122. Ushuru ukiwa asilimia 10, unakuwa 12.20. VAT ya asilimia 20 haipigwi kwenye 100 bali kwenye 134.20, nayo inafika 26.84. Serikali inachukua 39.04. Kampuni ya vifurushi, ambayo imetanguliza fedha hizo ili mzigo utoke haraka, inaongeza ada yake: kwa kawaida asilimia fulani ya kodi au kiwango cha chini, chochote kilicho kikubwa. Kiwango cha chini kikiwa 15, unadaiwa 54.04. Ukichelewa kujibu, juu yake inakuja ada ya ghala, ambayo huanza kuhesabiwa siku za bure zikiisha.

Tenganisha makundi hayo mawili unapolalamika. Kodi inapingwa kwa mamlaka ya forodha, kupitia tamko. Ada ya kampuni inapingwa kwa kampuni, ukitumia orodha yake ya bei iliyotangazwa. Ukichanganya yote kwenye malalamiko moja, kila upande utakuelekeza kwa mwenzake.

Kwa kifurushi kidogo, ada za kampuni zinaweza kuzidi kodi yenyewe, kwa sababu kiwango cha chini hakijali udogo wa mzigo. Ni heri kuagiza vitu vidogo kwa pamoja, isipokuwa kila kimoja kinaingia chini ya kiwango cha msamaha cha nchi yako, yaani thamani ambayo chini yake hutozwi ushuru. Lakini usigawe agizo moja makusudi ili ulipitishe chini ya kiwango hicho. Vifurushi vya mtumaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mmoja vikifika pamoja, forodha inaweza kuvijumlisha na kuvihesabu kama kimoja. Na usitegemee kiwango ulichosikia mwaka juzi. Marekani ilikuwa na msamaha wa dola 800, ukasitishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025.

Nauli nayo ina mtego wake. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hupima uzito kwa ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 5000, kisha hutoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 19.2 hata kama ndani kuna mto wa kilo 2. Nauli ikipanda, CIF inapanda, na kodi inafuata. Mwambie muuzaji apunguze boksi kabla hajafunga, maana baada ya hapo huna la kufanya. "Usafirishaji wa bure" pia hauna maana kwamba nauli ni sifuri machoni pa forodha. Ankara isipoonyesha kwamba bei imejumuisha nauli, afisa anaweza kuongeza nauli ya makadirio.

Maelezo ya bidhaa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo watu wasipopatazama. Mfumo wa HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Una tarakimu 6 zinazofanana kwa nchi zinazoutumia, na kila nchi inaweza kuongeza zake nyuma, hadi 8, 10 au zaidi. Kiwango cha ushuru kinafuata msimbo huo, si jina analopenda muuzaji.

Tazama saa janja. Muuzaji akiandika "saa" tu, mtayarisha tamko ataipeleka kwenye sura ya 91, ya saa za kawaida. Saa inayopokea na kutuma data kwa simu kwa njia isiyo ya waya huwekwa kwenye 8517.62, pamoja na vifaa vya mawasiliano. Kwa nchi zilizo kwenye Makubaliano ya Teknolojia ya Habari ya Shirika la Biashara Duniani (WTO), kundi hilo mara nyingi halina ushuru kabisa, wakati saa za sura ya 91 huwa na ushuru. Neno moja kwenye ankara limebadilisha bili, na hakuna aliyedanganya.

Maneno kama "zawadi", "sampuli", "vipuri", "vifaa mbalimbali" na "bidhaa za kielektroniki" ndiyo yanayokwamisha mizigo. Mtayarisha tamko asipojua kitu ni nini, ama anasimamisha mzigo na kukuandikia, ama anabahatisha. Maelezo mazuri yanajibu maswali manne: ni nini, kimetengenezwa kwa malighafi gani, kinatumika wapi, ni vingapi. "Pampu ya maji ya umeme ya mashine ya kufulia, plastiki na chuma, mpya, 1" inapita. "Kipuri" hakipiti.

Thamani

Mkataba wa WTO wa uthaminishaji unasema msingi wa kwanza ni bei iliyolipwa kweli. Afisa akiwa na sababu ya kuitilia shaka, anashuka ngazi: bei ya bidhaa ileile, kisha bidhaa inayofanana, na kuendelea hadi njia ya 6. Kazi yako ni kuondoa shaka hiyo mapema, na kinachofanya kazi ni jozi ya karatasi: ankara yenye jina la muuzaji na la mnunuzi, tarehe, fedha iliyotumika, bei ya kila kitu, punguzo na nauli, pamoja na uthibitisho wa malipo wenye kiasi kilekile hadi senti. Picha ya skrini ya ukurasa wa bidhaa hukataliwa kwa sababu inaonyesha bei ya kuuzia, haionyeshi kwamba wewe ulilipa nini. Ulipotumia kuponi, ankara lazima ionyeshe bei baada ya kuponi, la sivyo utatozwa kwa bei ya awali.

Muuzaji anayejitolea kuandika thamani ndogo "ili kukusaidia" hakusaidii. Mwenye kuwajibika kwa tamko ni wewe, na matokeo ni faini au kutaifishwa. Zaidi ya hapo, mzigo ukipotea, fidia huangalia thamani iliyotangazwa. Kuandika "zawadi" hakufuti thamani pia. Nchi zenye msamaha wa zawadi huutoa kwa kitu kilichotumwa na mtu binafsi kwa mtu binafsi, si kwa ulichonunua dukani.

Ulilipa kodi dukani, bili imekuja tena

Muuzaji anapouza kwa masharti ya DDP, yeye ndiye anayebeba ushuru na kodi. Kwa DAP, ni mpokeaji. Tatizo hutokea pale ukurasa wa malipo unapokutoza kodi, halafu stoo inachapisha lebo ya DAP. Mfumo wa kampuni ya vifurushi unafuata lebo, haujui ulichoahidiwa.

Usilipe kwanza ukidhani utarudishiwa. Mtumie muuzaji picha ya bili na uthibitisho wa agizo unaoonyesha mstari wa kodi, umtake aiandikie kampuni kwamba ushuru na kodi zihamie kwenye akaunti ya mtumaji. Hilo ni rahisi kabla mzigo haujakabidhiwa. Baada ya wewe kulipa, kampuni itasema deni limekwisha, nawe utabaki kumfukuzia muuzaji. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 1 Julai 2021, kuna namba ya IOSS, inayoonyesha kwamba muuzaji amekwisha kutoza VAT, kwa mizigo isiyozidi euro 150. VAT hutozwa mara mbili namba hiyo isipotumwa kwenye data ya kielektroniki, hata kama imechapwa kwenye karatasi.

Mzigo haujafika, au umefika umevunjika

Posta na kampuni binafsi hazifanani hapa. Kwa posta, anayefungua ulizo la mzigo uliopotea kwa kawaida ni mtumaji, na kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinampa miezi 6 kuanzia kesho yake ya siku ya kutuma. Mkumbushe mapema, maana wauzaji wengi husubiri muda upite.

Kwa kampuni binafsi zinazosafirisha kwa ndege kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 14 tangu kupokea kulalamikia uharibifu, na siku 21 kwa ucheleweshaji, kwa maandishi. Usisubiri siku hizo zifike. Boksi likiwa limebonyea, andika "boksi limeharibika, yaliyomo hayajakaguliwa" mahali pa saini, hata kwenye skrini ya dereva. Piga picha pande zote sita pamoja na lebo kabla ya kukata gundi, na usitupe vifungashio; mkaguzi akiomba kuviona na havipo, dai linaweza kufa hapo.

Kikomo cha fidia chini ya mkataba huo, tangu 28 Desemba 2024, ni SDR 26 kwa kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Simu yenye boksi la nusu kilo inapata kikomo cha SDR 13, kiasi kisichonunua hata kioo chake. Kwa kitu chepesi cha bei kubwa, thamani maalumu au bima itamkwe wakati wa kutuma. Baadaye haiongezwi.

Mfumo ukisema "umekabidhiwa" na wewe huna kitu, omba uthibitisho wa makabidhiano: jina la aliyesaini, saa, picha, na mahali kifaa cha dereva kilipokuwa wakati huo. Mara nyingi jibu ni jirani, mlinzi, au mapokezi ya jengo la pili. Ikiwa mahali hapo hapafanani na anwani yako, una hoja nzito kuliko kiapo chochote. Wala usipuuze namba ya simu kwenye lebo: dereva asipokupata mara kadhaa, mzigo hurudishwa kwa mtumaji, na kodi iliyolipwa hairudi yenyewe.

Ujumbe wa simu unaodai kiasi kidogo "ili kifurushi kiachiwe" mara nyingi ni utapeli. Usibonyeze kiungo, andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni, uweke namba ya kufuatilia mzigo. Namba za posta za kimataifa unaweza kuzikagua hata kwa kalamu. Zina herufi 2, tarakimu 8, tarakimu 1 ya ukaguzi, na herufi 2 za nchi. Zidisha zile tarakimu 8 kwa mpangilio na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, ujumlishe, ugawanye kwa 11, kisha utoe baki kutoka 11. Kwa 12345678 jumla ni 204, baki ni 6, hivyo tarakimu ya tisa lazima iwe 5. (Jibu likija 10 weka 0, likija 11 weka 5.) Isipolingana, namba ni ya uongo au imekosewa. Ikilingana, bado haithibitishi kwamba ujumbe ni wa kweli.

Ukirudisha bidhaa

Muuzaji hukurudishia bei, si ushuru. Ushuru unaombwa forodhani, pale sheria ya nchi inaporuhusu, na wanataka kuona kwamba kitu kilekile kilichoingia ndicho kilichotoka. Kwa hiyo kabla ya kufunga boksi la kurudisha, piga picha namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), andika "bidhaa inarejeshwa" kwenye ankara pamoja na namba ya tamko la kuingizia, na utunze hati ya usafirishaji wa nje. Kitu kinachokwenda kutengenezwa na kurudi kinahitaji hati hiyohiyo, na baadhi ya nchi hutaka kibali kabla hakijatoka; kikirudi bila hati, kinaweza kutozwa kama kipya. Na kikiwa na betri ya lithiamu isiyofungwa ndani ya kifaa, uliza kwanza kama kampuni inaichukua, maana betri za lithiamu-ioni za peke yake zimepigwa marufuku kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu 1 Aprili 2016.