Kumbukumbu ya mradi wa maji taka: amonia iliyogoma kushuka

Amonia ilishuka vizuri kutoka miligramu 40 kwa lita hadi 15, kisha ikagoma. Pampu ya hewa inafanya kazi usiku na mchana, vizibo vya plastiki ndani ya pipa la pili vimeshika utando wa kahawia unaoteleza ukiugusa, oksijeni haina upungufu, na bado kila nikipima napata kati ya 14 na 15. Wakati huohuo pH (kipimo cha uasidi: ikishuka chini ya 7, maji yana asidi), iliyoanza juu kidogo ya 7, imeporomoka hadi 5.8. Kumbukumbu hii inahusu namba hizo mbili, maana chanzo chake ni kimoja.

Kwanza mfumo wenyewe. Maji ya jikoni, ya kufulia na ya kuoshea banda la sungura yanaingia pipa la kwanza, ambako uchafu mzito unatua. Yakitoka hapo yanaingia pipa la pili lenye hewa, yanatulia kwenye pipa la tatu, halafu yanamalizikia kwenye kitalu cha kokoto kilichooteshwa matete. Shabu (salfati ya alumini, ya kutakasia maji) naitia kati ya pipa la pili na la tatu, ili inase fosfati na ukungu uliobaki. Wapo wanaotia shabu mwanzoni kabisa kwa sababu maji yanatakata mara moja machoni. Mimi sikubaliani nao, na sababu itaonekana kwenye hesabu hapa chini.

Kazi ya pipa la pili ni kugeuza amonia kuwa nitrati. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky alionyesha kuwa kazi hii hufanywa na makundi mawili ya bakteria: moja linageuza amonia kuwa nitriti, jingine linaichukua nitriti na kuifanya nitrati. Wanazaliana polepole sana ukilinganisha na bakteria wanaokula mafuta na wanga, ndiyo maana wanahitaji mahali pa kushika na kukaa. Ila wakifanya kazi wanazalisha asidi. Kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia wanayoigeuza inakula miligramu 7.14 za ualkali (ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti), yaani ule uwezo wa maji kuimeza asidi bila pH kuanguka. Ualkali ni akiba. Inapungua kimyakimya, na pH haisemi kitu mpaka akiba ikaribie kwisha.

Nikaacha kuiangalia pH nikapima akiba yenyewe. Kipimo ni rahisi: unatia rangi ya kupimia kwenye sampuli, maji yanakuwa ya kijani-buluu, halafu unadondosha asidi tone baada ya tone huku ukitikisa, ukihesabu mpaka rangi igeuke ghafla kuwa waridi. Maji yanayotoka pipa la kwanza yalikuwa na ualkali wa miligramu 180 kwa lita. Mengi yake yanatokana na mkojo wa sungura, kwani urea ikivunjika inatoa amonia pamoja na bikaboneti. Maji yenyewe ni ya mvua, hayana chokaa ya kusaidia.

Sasa hesabu. 180 ukiigawanya kwa 7.14 unapata 25. Bakteria walikuwa na akiba ya kugeuza miligramu 25 tu za amonia kati ya 40, zikabaki 15. Ndizo hizo hizo nilizokuwa nikizisoma kila siku. Nilifurahi sana kuona hesabu ya kwenye karatasi na kipimo cha pipani vinalingana kiasi hicho. Hapo ukiongeza hewa unapoteza umeme bure, maana kinachowazuia bakteria ni asidi.

Njia ya mkato ni kumwaga bikaboneti ya sodiamu, na inafanya kazi. Lakini kuna njia ninayoipenda zaidi, kwa sababu inatumia kilichomo tayari. Nitrati ikirudishwa mahali pasipo na oksijeni, bakteria wa aina nyingine huivuta oksijeni iliyofungwa ndani yake ili wachome chakula chao, na nitrojeni inatoka hewani kama gesi isiyo na madhara. Katika kufanya hivyo wanarudisha ualkali wa miligramu 3.57 kwa kila miligramu ya nitrojeni, yaani nusu kamili ya kilichotumika. Wazo la kutanguliza chumba kisicho na hewa, kabla ya chenye hewa, liliandikwa na watafiti Ludzack na Ettinger mwaka 1962. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi James Barnard, akiwa Afrika Kusini, akaongeza bomba la kurudisha maji yenye nitrati. Mitambo mikubwa mingi duniani inaendeshwa kwa mpango huo hadi leo, na hakuna kinachozuia usifanyike kwenye mapipa.

Kwa hiyo nimeweka pampu ndogo inayorudisha maji kutoka pipa la pili kwenda la kwanza, kwa kiasi cha mara mbili ya maji mapya yanayoingia. Bomba linavuta kwenye kona tulivu, mbali na viputo, maana maji yakirudi na oksijeni nyingi yataharibu kazi nzima. Ndani ya pipa la kwanza nimening'iniza wavu uliojaa vizibo ili bakteria wapate pa kukaa. Ukisogeza uso utaona vipande vya tope vikipanda kutoka chini, vimebeba viputo vidogo vya gesi, vikifika juu vinapasuka na kuzama tena. Ile harufu ya yai viza imekwisha pia, kwa kuwa bakteria wanaotengeneza salfidi hidrojeni hawapati nafasi maadamu nitrati ipo. Sasa pua yangu ni kipimo: harufu ikirudi, najua bomba la kurudisha limeziba.

Chakula wanachochoma ni uchafu wa jikoni. Hapa ndipo penye ugomvi wangu na shabu ya mapema. Ukiitia mwanzoni unazamisha huo uchafu, bakteria wanakosa cha kula, na wakati huohuo shabu nayo inakula ualkali, takriban nusu miligramu kwa kila miligramu yake. Kwa maji ya namna hii umewanyima bakteria chakula na akiba kwa mpigo mmoja. Mwishoni, baada ya wao kumaliza, shabu haimdhuru mtu.

Kiasi cha shabu nilikipata kwa gilasi. Unayeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji safi. Mililita moja ya mchanganyiko huo ndani ya lita moja ya maji taka ni miligramu 10. Ukipanga gilasi zenye vipimo tofauti, koroga haraka kwa dakika moja, kisha polepole kabisa kwa robo saa, na uache zitulie. Kwa maji yangu, kwenye miligramu 60 chembe zilishikana zikawa vibonge kama ncha ya kalamu vikashuka vyenyewe. Chini ya hapo ukungu ulibaki, na juu yake sikuona faida.

Hesabu kamili ya ualkali basi, kwa miligramu kwa lita: kugeuza amonia yote kunataka 286, shabu inataka 30, na napenda zibaki 50 za tahadhari, jumla 366. Ninazo 180, na urejeshaji wa theluthi mbili ya nitrati unaniletea 95. Pengo ni 91, linalozibwa na gramu 15 za bikaboneti kwa kila lita 100. Bila bomba la kurudisha ningehitaji mara mbili yake.

Vipimo vya sasa: amonia iko chini ya 1, pH 7.1, na nitrati inayofika kwenye kitalu ni kama 13 ikihesabiwa kama nitrojeni, theluthi iliyotarajiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za nitrati, sawa na 11 hivi za nitrojeni. Haya si ya kunywa, ni ya miti, na matete yanapunguza zaidi.

Kazi inayofuata ni tope. La pipa la kwanza litakwenda kwenye mboji pamoja na majani makavu na vumbi la mbao, na nataka lundo lifike nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa ili vimelea vife. La pipa la tatu nalitenga, kwa sababu fosfati iliyonaswa na alumini mimea haiipati kwa urahisi. Nimeagiza kipimajoto kirefu. Kikifika naanza lundo la kwanza.