Nilivyokuwa mpishi siku nane kwenye boti ya tanga, na kusi inapiga

Tangu nirudi Nairobi kila mtu akikuja kibandani kwangu hapa Industrial Area ananiuliza kuhusu papa na maharamia, hakuna hata mmoja ameniuliza mlikuwa mnakula nini, na mimi ndo nilikuwa mpishi. So wacha niandike hiyo.

Mteja wangu mmoja ana boti ya tanga, futi arobaini hivi, ilikuwa imekaa Seychelles akataka iletwe Kilifi mwezi wa saba. Tulikuwa watu watatu, yeye, nahodha mzee wa Lamu, na mimi ambaye bahari nilikuwa naijua ya ufuo wa Pirates pale Mombasa, tena maji ya magotini. Kwenda Mahé, kisiwa kikuu cha Seychelles, ni ndege, kutoka JKIA masaa matatu hivi umefika. Kurudi ni zaidi ya maili 900 za baharini na karibu njia yote hakuna pa kushukia.

Mwezi wa saba ni kusi. Upepo unatoka kusini mashariki, sisi tunaelekea magharibi, kwa hivyo mawimbi yanatupiga kutoka nyuma upande wa kushoto, boti inainuka, inajipinda, inalalia kulia, inarudi, mchana na usiku bila kupumzika, ni kama umesimama kwa matatu ya Rongai na dere ana haraka, sasa hiyo kwa siku nane. Mzee anasema "huu upepo mzuri sana mwanangu". Mzuri!

Siku mbili za kwanza sikupika chochote, nilitapika tu. Mzee akanitoa ndani akanikalisha nje karibu na usukani, akasema angalia pale mbingu inapokutana na maji na hiyo simu weka mbali. Ukiwa ndani macho yanaona chumba kimetulia lakini masikio yanajua unarushwa, kichwa hakijui kiamini nani. Nilikuwa natafuna tangawizi na biskuti kavu. Wenzangu walikula chapo, maana nilikuwa nimepika sitini kabla hatujatoka, na hiyo ndio akili pekee niliyokuwa nayo safari nzima.

Siku ya tatu nikaamka nasikia njaa nikajua nimerudi.

Sasa jikoni. Jiko la boti limening'inizwa pande mbili, boti ikilala lenyewe linabaki limenyooka, na sufuria inabanwa na vyuma isiteleze. Shida ni wewe. Jiko letu lilikuwa kushoto, upande wa joshi kama anavyosema mzee, yaani upepo unakotoka, na boti inalalia demani, yaani upande wa pili, so kila kitu kwa jiko kinataka kunirukia mimi. Kuna mkanda unajifunga kiunoni ukuzuie usianguke kinyumenyume, na unapika umevaa suruali nzito ya mvua hata kama ndani kuna joto la kufa. Niliona ujinga mpaka siku ya nne nilipomimina chai ikajaa kikombe, wimbi likaja, chai yote ikashuka pajani. Ile suruali iliniokoa. Kutoka hapo chai ni nusu kikombe, hata nahodha akiomba iliyojaa anapewa nusu.

Gesi nayo, ukimaliza kupika unafunga kwa mtungi kabisa, kila mara. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nyumbani ikivuja unafungua mlango inatoka, kwenye boti inashuka kwa ngama, pale chini kabisa ndani ya boti, inakaa hapo inangoja mtu awashe kiberiti.

Chakula kilichoshinda vyote ni ugali, haumwagiki, unashika kwa mkono mmoja na mwingine umeshikilia boti. Githeri nilipika kwa sufuria ya presha kwa sababu kifuniko kinajifunga, hata ikianguka ni kelele tu. Sukuma ilikufa siku ya tatu, kabeji ikafika Kilifi nzima. Tangi la maji ni lita 300, kwa hivyo vyombo tuliosha na maji ya bahari, na viazi nilichemsha na kikombe kimoja cha bahari kwa vinne vya tangi. Lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35, ukichemsha na bahari tupu hakuna atakayekula.

Usiku zamu. Yangu ilikuwa saa kumi hadi saa moja asubuhi, nimejifunga kamba, naangalia taa za meli, nikiona moja namuamsha mzee. Jua likawa linachelewa kila siku, kama dakika nane hivi, nikadhani saa yangu imeharibika, mzee akacheka, ni vile tulikuwa tunaelekea magharibi na saa bado ni ya Mahé. Siku za mwisho nikawa namaliza zamu jua halijatoka. Asubuhi moja nikapata samaki wawili wale wanaoruka wamekufa juu ya boti, nikawakaanga, hao wawili walikuwa watamu kuliko chochote nimewahi kuuza.

Karibu na pwani mzee akageuza boti kama tunaenda Mombasa. Nikamuuliza si tunaenda Kilifi? Akasema maji hapa yanakimbia kaskazini, ukilenga Kilifi utajikuta Malindi. Na kweli, asubuhi ya nane tukaingia Kilifi bila kuitafuta.

Nchi kavu iliyumba siku tatu, nikioga nashika ukuta. Na jana mteja amesimama na kikombe chake hapa kibandani ananiangalia, "kwani umepandisha bei ya chai kimyakimya?" Kuangalia, nimemjazia nusu.