Themostati moja, nyoka wa aina mbili

Kabati la nyoka wangu lina droo sita za plastiki. Kwa miezi kadhaa zote nilizipasha kwa mfumo mmoja wa utepe wa joto (ukanda wa umeme unaopasha sakafu ya droo) na themostati moja, kile kifaa kinachowasha na kuzima joto ili lisizidi kiwango ulichoweka, na ubahili huo nusura uniulie nyoka.

Wamo wa aina mbili. Chatu wafupi wa Afrika Magharibi, Python regius, wale wanaojiviringa kama mpira wakishtuka, wanataka sakafu ya upande wa moto ifike nyuzi 32 hivi. Nyoka wa mahindi, wenyeji wa Marekani, wanatosheka na 29. Nyuzi tatu tu, nikazidharau. Nilipoweka 32, nyoka wa mahindi walihamia mbele, mbali na utepe, pua kwenye matundu ya hewa, usiku na mchana. Nikashusha hadi 29. Siku nne baada ya kula, chatu jike akatapika panya mzima, manyoya bado yapo. Harufu yake nawaachia mkisie. Nyoka hajitengenezei joto. Tumbo likipoa, mlo unaoza kabla haujasagika.

Themostati haijui nyoka wala droo, inajua pale tu kitambuzi chake, kile kidude kinachoisomea joto, kilipo. Kwa hiyo sasa nina tepe mbili, kila moja na themostati yake. Kwanza nilijaribu kupunguza moto wa droo za chini kwa dima, kama ya taa. Ilifanya kazi mpaka usiku wa baridi ulipoingia: dima hupunguza umeme tu, haina habari kwamba chumba kimepoa.

Chatu wako juu, nyoka wa mahindi chini, kwa sababu joto hupanda. Hata tepe zilipokuwa kwenye themostati moja, droo ya juu ilizidi ya chini kwa karibu nyuzi mbili. Nilipima kwa kile kipimajoto cha bunduki, unachoelekeza bila kugusa, kwenye sakafu yenyewe, matandazo nikiyasogeza kando.

Halafu kitambuzi. Nilikuwa nimekibandika ndani ya droo. Chatu akakichokonoa, kikaning'inia hewani kikisoma 24, na themostati, maskini, ikazidi kuchochea. Nilishtushwa na harufu ya plastiki. Sakafu ilikuwa 44. Bahati yake, utepe unapita theluthi ya nyuma tu, na alikuwa amekimbilia mbele. Siku hizi kitambuzi kinakaa nje, kati ya utepe na droo. Plastiki hula joto kidogo, kwa hiyo kwangu naweka 35 ili sakafu ipate 32. Kabati lako litakuwa na hesabu yake, pima.

Na baada ya gharama yote hiyo, nyoka wa mahindi wa droo ya chini kabisa bado analala mbele kwenye baridi. Akila anakwenda nyuma, anakaa siku mbili, kisha huyo anarudi zake kwenye matundu.