Jioni za Kukaa Nje

Utabiri wa wiki hii kwa Muscat na pwani ya Batinah haukuwa na la kutisha. Ulianza na nyuzi 37 Jumapili, ukaenda 38 Jumatatu na Jumanne, kisha ukapanda taratibu hadi 41 ya leo Ijumaa. Mbingu nyeupe bila wingu, upepo mwepesi wa baharini mchana, vumbi kidogo kwa wanaokaa bara. Hakuna onyo lolote lililotolewa, wala Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ndiyo yenye idara ya hali ya hewa hapa Oman, haikuwa na sababu ya kutoa onyo, kwa kuwa katikati ya Mei mambo huwa hivi kila mwaka. Ninachokitazama mimi si joto la mchana. Natazama safu ya pili, ile ya usiku, ambayo wiki iliyopita ilikuwa 27 na sasa haiteremki chini ya 30.

Bibi hutaka kusomewa utabiri kila siku baada ya magharibi, tukiwa uani, yeye juu ya mkeka wake karibu na mlimau na dele la kahawa pembeni. Jumatatu nilimsomea wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Nilipofika kwenye arubaini na moja ya Ijumaa akaniuliza, "Basi zimebaki jioni ngapi?"

Nikamjibu, "Labda wiki moja, Bibi. Wiki na nusu, kama upepo wa magharibi utachelewa."

Alinyamaza, akakizungusha kikombe mkononi, kile kidogo kisicho na mkono, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nakusudia za kukaa nje."

Nimeyarudia maneno hayo manne tangu siku ile na hayajatulia. Jibu langu lilikuwa limeshaonyesha kwamba nimemfahamu vizuri. Nilizungumzia upepo na wiki, na mtu hawezi kupanga umri wa mwenziwe kwa upepo wa magharibi. Kwa nini basi aliona haja ya kufafanua, na alimfafanulia nani? Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Bibi si mtu wa kuogopa kuyataja mambo hayo. Sanda yake imo sandukuni tangu aliporudi Hija, na sote tunajua nani atachukua mto upi na nani atapewa ule mkufu. Angetaka kuzungumza habari za kuondoka kwake angezungumza waziwazi, tena angemwita mama naye asikilize. Mara hii swali lilimtoka, akalisikia mwenyewe, akaharakisha kulifunika. Wiki imekuwa na mengi, mdogo wangu ameposwa na kule kazini tumehamishiwa jengo jingine, lakini nikiwa garini au jikoni ninachokisikia ni lile "nakusudia".

Naelewa kwa nini jioni hizi zina thamani kwake. Joto la Juni likishakaa, nyumba hufungwa madirisha, viyoyozi huwashwa, na kila mtu hujitenga chumbani mwake hadi mwishoni mwa Septemba. Majirani hawapiti tena kuamkia ukutani. Yeye hukaa ndani na magoti yamefungwa shali, maana baridi ya mashine humuumiza mifupa. Ifikapo Julai, bahari yenyewe huwa na joto la nyuzi 30 na zaidi, upepo wake unaleta unyevu tu, na kuta zinatoa jasho usiku kucha. Wasiokaa huku hudhani shida yetu ni jua, lakini jua lina kivuli chake, ilhali usiku wenye joto hauna pa kuukimbilia. Juni 2018, pale Quriyat, kusini mashariki ya Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku mzima. Ilielezwa wakati ule kuwa ni kiwango cha chini cha joto kilicho cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa duniani. Milima ya Hajar imeisimamia pwani yetu kwa nyuma, na hewa ya jangwani ikiteremka kutoka juu yake huzidi kupata moto kabla ya kutufikia.

Jana khalati, dada yake mama, alipiga simu kutoka Unguja, na hapo moyo wangu ukageuka. Alisema masika yanaishia, kusi imeshashika, na asubuhi amevaa sweta. Bibi alifurahi kwa habari ile ya sweta kuliko kwa habari za posa. Nikamweleza jambo ambalo nililisoma zamani na sikuwahi kumwambia: kwamba kusi haiishii Unguja. Huvuka ikweta, mzunguko wa dunia ukaupinda upepo ule kuelekea kulia, ukapita pwani ya Somalia kwa nguvu, na ndio huohuo unaofika Dhofar, kusini mwa Oman, na kuleta khareef, ukungu na manyunyu yanayoifanya milima ya Salalah kuwa kijani tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Na kinachouvuta, nikamwambia, ni joto hili hili tunalolisoma kila jioni, kwa sababu ardhi ya Arabia na ya Bara Hindi ikipata moto hewa yake hupanda, na hewa ya baharini ikaja kushika nafasi yake.

Bibi, ambaye baba yake alikuwa nahodha, alishusha kidole kwenye mkeka akaichora njia nzima, Unguja, Lamu, Mogadishu, kisha akakipinda kidole mwenyewe kabla sijamwonyesha. Akauliza, "Salala mwezi wa saba joto lake kiasi gani?" Nikamwambia halizidi sana nyuzi 27 au 28, na watu hutandika mikeka nje kwenye majani mchana kutwa. "Basi nipelekeni," akasema, na akaanza kupanga nani ataendesha na nani atabaki na nyumba.

Mwezi wa saba. Aliutaja kwa wepesi kabisa, na kujiweka mwenyewe ndani yake. Sikumuuliza lolote kuhusu Jumatatu, na leo sioni tena haja ya kumuuliza. Kwa gari ni kama kilomita elfu moja. Kwa magoti yale, nadhani tutakwenda kwa ndege.

Jambo jingine linanikosesha raha usiku huu. Kwenye jengo linaloinuka ng'ambo ya barabara, mafundi wamekuwa juu ya paa wiki nzima wakisuka nondo, na jana saa saba mchana niliona mmoja anavishika vyuma kwa vipande vya gunia kwa sababu viganja havivumilii. Sheria ya kusimamisha kazi za juani, saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, huanza tarehe mosi Juni. Utabiri wa wiki ijayo umeshatoka, na Jumatano umeandika 43. Mama huwapelekea maji ya barafu na laban, yaani mtindi wa kunywa, baada ya adhuhuri. Kesho nitakwenda kumwona msimamizi wao nimwombe waanze kazi alfajiri, ingawa sijui kama atanisikiliza.